Nguvu Zangu za Ndani na Sanda ya Mama

Hoteli niliyofanyia kazi ilikufa kifo cha aibu. Haikuungua, haikuuzwa, wala hakuna aliyetangaza kuwa imefungwa. Mwenye nayo aliondoka kwenda kwao kupumzika, akapumzika moja kwa moja, nasi tukabaki tunafuta vumbi kaunta ya mapokezi na kuambiana kwamba msimu wa wageni unakaribia. Asubuhi moja tukakuta geti lina kufuli jipya na mlinzi tusiyemjua. "Mnamtafuta nani?" akauliza. Mimi, niliyekaa mapokezi pale tangu sina mvi hata moja, naulizwa namtafuta nani! Nilimpa jibu ambalo siwezi kuliandika hapa, nikageuka, nikarudi nyumbani kwa miguu huku nalia na kutukana kwa zamu.

Nyumbani ni kwa mama, mitaa ya ndani kule Bagamoyo, nyumba ya baba tuliyorithi na nyufa zake. Mume nilikuwa naye, tukaachana kwa wema, kaoa Tanga na mimi sina neno. Watoto hatukujaaliwa. Kaka zangu watatu wametawanyika, Dar na Mtwara, wana wake zao na shughuli zao, na simu za Ijumaa za kuuliza "Mama hajambo?" Binti ni mimi peke yangu. Magoti ya mama yamechoka, kwa hiyo anayemwinua asubuhi ni mimi, anayemtilia maji ya kuoga ni mimi, na anayetukanwa maji yakiwa ya moto ni mimi vilevile.

Mwanamke wa umri wangu akikosa kazi mji huu, haichukui muda kabla mtu hajamnong'oneza neno "Uarabuni." Mimi nilinong'onezwa kabla hata machozi hayajakauka. Kulikuwa na dada mmoja wa wakala, kucha ndefu, simu mbili, akaniambia bahati yangu ni kubwa: kuna familia Muscat inatafuta mtu mzima, mpole, wa kumtunza bibi yao. Kumwinua, kumwogesha, kukaa naye. Mshahara wa kueleweka. Pasipoti ikapatikana, vipimo nikapimwa, mwisho wa mwezi safari. Kikabaki kitu kimoja tu, nacho hakitolewi ofisini. Radhi ya mama.

Nilipomweleza mara ya kwanza, hakusema ndiyo wala hapana. Alisema, "Chumvi imeisha."

Nikaenda kununua chumvi. Mara ya pili nikamweleza kwa urefu, na mshahara nikautaja, na dirisha la chumbani kwake ambalo lingetengenezwa. Akanisikiliza mpaka mwisho, akasema viberiti vimeisha. Ikawa ndiyo mtindo. Kila nikitaja ndege, jikoni kunaisha kitu. Nimepata kununua vitunguu mara ngapi mwezi ule sijui, ila najua tulikula kachumbari mpaka tukaichukia.

Mtu atasema, si uende tu, mtu mzima wewe? Wapo wanaoondoka hivyo, nasikia, na wanafika. Mimi siwezi. Kwetu hupandi ndege mama hajasema "nenda, nimekuridhia." Ningekaa kwenye kiti changu, ndege ingetikisika kidogo tu, ningejua ni nani kaitikisa.

Nilikuwa katika hali hiyo, pasipoti kabatini na chumvi ya kutosha kukaushia papa, ndipo bajaji ilipopita mtaani na spika juu. "Umepoteza kazi? Hujapoteza! Umepewa fursa! Njoo ujitambue! Njoo ugundue nguvu zako za ndani, ubadili kazi, ubadili maisha! Bure! Chakula kipo! Cheti kipo!" Nguvu za ndani sikuzijali. Chakula nilikijali kiasi. Lakini dada wa wakala alikuwa amesema cheti chochote kinaongeza uzito kwenye faili, hata cha kushona. Nikaenda.

Semina yenyewe ilikuwa kwenye ukumbi wa harusi, na mapambo ya harusi ya Jumamosi hayajatolewa. Vitambaa vya zambarau, maua ya plastiki, na jukwaani vile viti viwili vikubwa vya bwana na bibi harusi. Kocha alikaa kwenye cha bibi harusi. Alikuwa kijana kutoka Dar, suti ya bluu imembana mapaja, viatu vyeupe kama vya mtu anayetoka mazoezini, kipaza sauti kimemng'ang'ania shavuni. Alisimama akapiga makofi. "Habari zenu, mabingwa!"

Kulikuwa na watu wazima mle, wenye wajukuu, wanasubiri shikamoo yao. Haikuja. Mama mmoja wa Kiwangwa, mkulima wa mananasi aliyekaa kando yangu na ambaye alinieleza tangu mlangoni kwamba amekuja kwa ajili ya pilau, akaniinamia. "Huyu kalelewa na nani?" Nikamwambia wa Dar. Akasema, "Aa," kama mtu aliyepewa maelezo ya kutosha.

Kocha akatusimulia maisha yake. Alikuwa anauza simu dukani, akaachishwa kazi, akalia siku nyingi, akajifungia ndani, akatafuta nguvu zake za ndani, akazipata. Nguvu hizo zilikuwa zipi? Kuwafundisha watu walioachishwa kazi jinsi ya kutafuta nguvu zao za ndani. Nikawaza kimyakimya: na sisi tukizipata, tutamfundisha nani? Maana kwa mwendo ule tungefundishana wenyewe kwa wenyewe mpaka Kiyama.

Tukagawiwa karatasi za maswali. Kwa mujibu wa kocha, binadamu wote wa dunia hii wamegawanyika katika wanyama wanne: simba, tai, pomboo na kasa. Ukijibu maswali, unajulikana wewe ni yupi, na kazi inayokufaa inajulikana. Mama wa Kiwangwa akatoka tai.

"Tai?" akasema. "Yule anayekula mizoga?"

"Tai anaona mbali, mama."

"Mimi hata uzi kwenye sindano natungiwa, mwanangu."

Simba alikuwa mzee mmoja aliyekuwa mpiga debe stendi mpaka koo likamfia. Kweli kabisa: amewaita abiria miaka na miaka, sauti ikakauka, sasa anaongea kwa kunong'ona tu. Huyo ndiye aliyehitaji kubadili kazi kuliko sisi wote, na huyo ndiye kocha aliyemwambia angurume. Akanguruma pale, uso umemjaa mishipa, hatukusikia kitu. Tukampigia makofi. Mimi nikatoka pomboo, mnyama anayependa watu. Kocha akaniambia pomboo ana wajibu wa kung'ara.

Halafu ikaja kazi ya nyumbani, nayo ndiyo iliyoniponza. "Nendeni kwa watu wanaowajua," kocha akasema. "Majirani, ndugu, mliofanya nao kazi. Waulizeni maswali mawili. La kwanza: uzuri wangu ni upi? La pili: ni kitu gani ninachofanya mimi ambacho hakuna mwingine anayeweza kukifanya badala yangu? Watakachojibu ndiyo hazina yenu. Baada ya siku tatu mtatuletea hapa."

Kocha wa watu! Angeuliza kwanza amefika wapi. Hapa kwetu mtu hasifiwi usoni. Ukimsifu mtoto bila kusema mashaallah, mama yake atakutazama mpaka uende zako, na ikifika jioni mtoto ana homa, aliyemsababishia ni wewe. Mama yangu mzazi alikuwa kinara. Sijapata kumsikia akinisifu hata kwa bahati mbaya. Jina langu la nyumbani, tangu nina akili, ni "mbaya wangu." Mbaya wangu njoo ule. Mbaya wangu umechelewa. Nilipofaulu darasa la saba, wageni wakaja kumpongeza, akawaambia walimu walikosea kusahihisha. Sasa mimi niende mlango kwa mlango kuwauliza watu uzuri wangu ni upi? Si wangesema nimerukwa na akili?

Nikakaa nikatafuta njia ya adabu. Huwezi kumwambia mtu akupime bila kujua kama ana kinyongo na wewe, na huwezi kujiombea sifa mkavumkavu. Kwa hiyo nikaona nianze na kuomba msamaha, kisha maswali yafuate taratibu. Nikaona nimepata akili kubwa.

Nilianza na shoga yangu muuza vitumbua, wa nyumba ya pili, asubuhi, yuko mbele ya jiko lake.

"Shoga," nikamwambia, "kwanza kabisa, kama kuna siku nimekukosea, kwa kujua au kwa kutojua, naomba unisamehe."

Mkono wake ukasimama hewani na kijiti chake. "Kuna nini?"

"Hamna kitu. Nataka uniambie tu, kweli kabisa, uzuri wangu mimi ni upi? Kitu gani nafanya ambacho hakuna atakayekifanya badala yangu?"

Vitumbua vikaanza kuungua, hakuvigeuza. Akanitazama, macho yakamjaa maji, nikadhani ni moshi. "Wewe," akasema, "ukimsalimia mtu, unasubiri akujibu. Wengine wanapita tu na salamu yao. Wewe unasimama." Halafu akanifungia vitumbua vilivyokuwa vizima, akakataa hela. "Kula, shoga yangu. Kula mwili upate nguvu. Nimekusamehe dunia na akhera."

Nikaondoka nimeguswa sana. Nikasema kumbe watu wana maneno mazuri, ni kuwauliza tu.

Nikaenda kwa mzee mwenye duka. Ni wa asili ya Kihindi, ukoo wao umemuuzia sukari bibi yangu, mama yangu na mimi, na anajua madeni na ndoa za mtaa mzima. Nikampa shikamoo, nikamwomba radhi, nikauliza. Alivua miwani akaifuta muda mrefu. "Binti yangu, wewe hata mteja mkorofi ukimjibu, anaondoka anajiona bwana mkubwa. Pale hotelini nilikuwa nakuona." Akaingia nyuma, akatoka na kopo la glukosi. "Chukua. Na kama ni India, sema. Nina mpwa wangu kule, anajua kila mtu."

Nikadhani ananitafutia kazi. Nikamjibu kwa upole, "India hapana, mzee. Mimi ninakokwenda ni kwingine, na siku zenyewe zimekaribia." Si unajua safari haitangazwi, watu wana macho. Yule mzee akainamisha kichwa juu ya kaunta, akabaki hivyo. Mimi nikachukua glukosi yangu nikaaga.

Wa tatu alikuwa aliyekuwa mpishi wetu hotelini, siku hizi anakaanga chipsi karibu na soko la samaki. Huyo sikumaliza hata kuomba radhi, alishaanza kulia waziwazi mbele ya wateja. Akanishika mkono wenye mafuta. "Na wewe unisamehe. Wale kamba waliokuwa wanapotea jikoni, ni mimi. Yule paka mliyemfukuza hakuwa na kosa." Niliumia sana kwa ajili ya yule paka. Tulimpeleka mbali kwa gunia.

Nikarudi nyumbani, na jioni mambo yakaanza. Supu ya kuku ikaja, imefunikwa sahani. Ikaja uji wa mtama. Wakaja watu ambao huwa tunapungiana mikono tu barabarani, wakakaa nami barazani, wananishika shika viganja, wanasema "Mungu mkubwa." Kila mmoja ananiambia nimsamehe. Jirani mmoja akakiri alihama na ndoo yangu. Nami, mjinga wa Mungu, nimekaa pale nakunywa supu, najiambia: lahaula, kumbe semina inafanya kazi! Kumbe mtu akijitambua, na majirani wanamtambua! Nikaona nilimdharau bure yule kijana na viatu vyake.

Aliyeniamsha ni mtani wangu. Mimi Mzaramo kwa baba, yeye Mnyamwezi, muuza mkaa, na utani wetu hauna mipaka, maana watani ndivyo walivyo, msibani ndiyo kabisa wanafungulia. Asubuhi ya pili akaingia uani bila hodi, kamba mkononi. Hakunisalimia. Akaenda mlangoni, akapima upana wake kwa ile kamba, akatikisa kichwa.

"Jeneza halipiti hapa," akasema. "Mtani, kwa mwili huo, itabidi tukutolee dirishani."

"Jeneza la nani, mwanaharamu we?"

"Lako. Na kile kitanda cha mninga nimekuja kukijaribu, maana mimi ndiye mrithi." Akaanza kucheka, kisha akaniangalia usoni akaacha. "Si ndiyo habari ya mjini? Umepita kila nyumba unaomba radhi. Huendi Hija, kila mtu anajua huna uwezo wa Hija. Sasa mtu wa pwani asiyekwenda Hija akizunguka kuomba radhi, anakwenda wapi?"

Glukosi! India! Yule mzee kainamisha kichwa! Nikataka kucheka, nikataka kupiga kelele, halafu nikamkumbuka mama. Tangu jana hajanitukana. Asubuhi ile nilimtilia maji, hakusema ya moto wala ya baridi. Alioga kimya, akarudi chumbani kwake akafunga mlango. Nilikuwa nimeona ni nafuu.

Nikamwacha mtani na kamba yake, nikaenda kugonga. Nilipofungua, udi ulikuwa unafuka. Mama alikuwa amekaa kitandani, na mbele yake lile sanduku la mbao limefunguliwa. Sanduku lile sisi wote tunalijua. Ndani yake kuna bafta nyeupe aliyojinunulia mwenyewe, kafuri, marashi na udi, vitu vya siku yake, na ufunguo hulala nao kwenye pindo la kanga. Mimi sijawahi kulifungua, hata kulipangusa nalipangusa juu juu.

"Kaa," akasema.

Nikakaa. Akaitoa ile bafta, akaiweka mapajani pangu.

"Hii nilijiwekea mimi. Sikujua nakuwekea wewe."

"Mama, sikiliza..."

"Nyamaza. Kila siku unasema wewe, leo nasema mimi. Nilikuita mbaya kwa sababu ulizaliwa mzuri nikaogopa. Watu wanakuja kukutazama, nami nawaambia, tazameni pua hiyo, huyu nani atamwoa? Wakitoka naibusu hiyo pua. Hujapata kunijibu vibaya. Hujapata kulala bila kuja kuuliza kama nimelala, na mimi najifanya nimelala ili unifunike. Nimekuridhia. Maziwa yangu niliyokunyonyesha nimekuhalalishia."

Alikuwa hanitazami. Alikuwa anainyoosha nyoosha ile bafta juu ya magoti yangu kama anapiga pasi.

"Na huko Uarabuni, sikukunyima radhi kwa ajili ya ndege. Nina watoto wa kiume watatu, Mungu awaweke, hakuna hata mmoja anayeweza kuniosha. Na mimi sitaki mikono ya watu. Mwili huu una aibu zake. Nilitaka mikono yako, iliyozoea. Nikasema, huyu akienda, itanikuta siku hayupo, nitafunuliwa na wageni. Basi. Kumbe Mungu amepanga nikuoshe mimi."

Nililia kama mtoto, na kilio changu kikamthibitishia kila kitu, naye akaanza kulia, na nje naambiwa mtani aliposikia akavua kofia.

"Mama," nikasema hatimaye, "mimi siumwi."

"Wote husema hivyo."

"Siumwi, mama. Wallahi. Ni semina."

"Semina gani? Ya ini?"

"Semina ya kazi! Kocha alituambia tukawaulize watu uzuri wetu ni upi. Nikaona haya kuuliza hivihivi, ndiyo nikaanza kwa kuomba radhi. Watu wakadhani nakufa. Mimi mzima, mama. Nina njaa tu."

Mama akaacha kunyoosha. Akanitazama kwa kitambo, kwanza macho, kisha mdomo, kisha pua.

"Umezunguka mji mzima," akasema polepole, "unawauliza watu kama wewe ni mzuri?"

"Ndiyo, mama."

"Lete sanda yangu."

Nikampa. Akaikunja kwa hasira, akaitia sandukuni, akapiga kifuniko mpaka udi ukaruka. "Na maneno yangu nirudishie."

"Maneno hayarudi, mama."

"Mbaya we! Mbaya wa sura, mbaya wa akili! Nimekaa tangu jana alasiri sijala, kwa ajili ya semina!" Akanichapa kwa ncha ya kanga, begani, mgongoni, popote alipofikia, na mimi nacheka na kulia, sijui kipi kinatoka wapi. Halafu akaniamuru nimwinue, akatoka barazani kwa magoti yale, akawatangazia wanawake waliokuwa wameshafika na mikeka yao: "Haumwi. Ni mjinga tu. Rudini makwenu." Hawakurudi. Walisema supu imeshapikwa, na wakakaa wakainywa, na mimi nikachekwa siku ile mpaka ikawa ni sherehe.

Kesho yake nikaenda semina kutoa taarifa, maana cheti sijapewa. Kocha alinisimamisha kwanza. Nikawaeleza kama ilivyokuwa, na nilipofika kwenye swali la pili, kitu nifanyacho ambacho hakuna mwingine, nikasema jibu nimelipata kwa mama. Ni kumwosha siku yake. Mama wa Kiwangwa akajifuta macho na ncha ya kanga.

Kocha akaruka kutoka kwenye kiti cha bibi harusi. "Hiyo ni fursa!" akapiga kelele. "Mmeona pomboo anavyong'ara? Huduma ya kuosha maiti, kwa weledi, kwa sare, na gari! Unaanza na mama yako kama mfano, ukimaliza wilaya unaingia mkoa! Nani mwingine anafanya?"

Mtu mmoja nyuma akasema astaghfirullah. Kocha akaangalia huku na huku, anatabasamu bado, anasubiri makofi. Ndipo yule mzee mpiga debe, simba wetu, akasimama, akasogea mpaka jukwaani, akamnong'oneza kwa sauti yake yote, na kwa kuwa kipaza sauti kilikuwa palepale shavuni, ukumbi mzima tulimsikia: "Kaa chini, bingwa."

Kocha akakaa. Tukala pilau. Ilikuwa na nyama ya kutosha, hilo sitamnyima. Cheti nilipewa, kina picha ya pomboo anayeruka, na ni kigumu vizuri. Nakipepelea jiko mpaka leo.

Mwisho wa mwezi ulipofika dada wa wakala akapiga simu. Tiketi tayari, kesho nikasaini. Mama alikuwa uani anachambua mchele, na spika ya simu yangu husikika hadi kwa jirani. Nilipokata hakunitazama. Nikasubiri aseme mchele umeisha.

"Radhi nilishatoa," akasema. "Niliitoa kwa ujinga wako, lakini niliitoa kwa ulimi wangu, na Mungu kasikia. Siwezi kuirudisha. Nenda." Akapuliza pumba, akaendelea kuchambua.

Ndiyo hiyo niliyokuwa nikiitafuta mwezi mzima, nimenunua chumvi kwa ajili yake, na sasa ninayo. Nikakaa nayo kwenye kibao cha mbuzi ya kukunia nazi pale uani. Nikamfikiria yule bibi wa Muscat, simjui, sina ugomvi naye, anasubiri mikono yangu imwinue na kumwogesha. Nikaitazama mikono yangu. Nikapiga simu.

"Yule bibi mtafutieni mtu mwingine," nikamwambia dada wa wakala. "Mimi nina wangu."

Alinieleza mimi ni mtu wa namna gani, kwa urefu, na kuhusu watu wa Bagamoyo kwa jumla. Nikamsikiliza mpaka mwisho, nikamwombea safari njema, yeye na kucha zake. Kazi niliipata kabla mwezi mwingine haujaisha: mzee mwenye duka, kwa aibu ya ile glukosi nadhani, aliniita nisimame kaunta, maana binti yake kaolewa Nairobi. Mshahara si wa Muscat. Lakini nikifunga duka adhuhuri naja kumwinua mama, na wateja wakorofi wananipenda. Hivyo ndivyo nilivyobadili kazi, kwa kudhaniwa nakufa.

Siku ile ya simu, mama aliuchambua mchele mpaka ukaisha. Kisha akafungua pindo la kanga yake, taratibu, vidole vyake siku hizi vizito, akatoa ufunguo wa sanduku. Akanipa bila kunitazama.

"Marashi yako upande wa kulia, kafuri iko chini ya bafta. Siku hiyo usije ukapekua kama mwizi. Na maji yasiwe ya moto."

"Hayatakuwa ya moto, mama."

Nikaufunga ule ufunguo kwenye pindo la kanga yangu. Ikabidi nifunge mara mbili, maana sikuwa naona vizuri. Mama akavuta lile pindo akalikagua, akalifungua, akalifunga upya yeye mwenyewe, akalikaza.

"Hata fundo hujui kufunga," akasema. "Mbaya we."